Kabla ya Bei, Uliza Mwezi: Namna ya Kupata Chaza Wazuri Dar es Salaam

Mtu akinipigia kuniuliza chaza, yaani oyster, wanapatikana wapi hapa Dar, mimi humuuliza kwanza: leo mwezi ngapi? Wengi hunijibu tarehe ya kwenye simu. Ninachouliza ni mwezi wa kuandama, ule tunaohesabia Ramadhani na Mfunguo. Ukinijibu mwezi mosi, mwezi pili, au kumi na tano, nitakwambia tafuta nauli uende. Ukinijibu mwezi nane, nitakwambia wiki hii kula pweza, chaza tuwaache walipo.

Napika vyakula vya baharini kwa oda, jikoni kwangu Mwananyamala, kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Pweza, ngisi, kamba, kaa, na chaza pale wanapokuwa wazuri. Kazi hii sikuisomea popote. Nimelelewa na bibi mzaa mama, Fumba, Unguja, mwanamke aliyekwenda pwani maisha yake yote, na mengi ninayoandika hapa ni yake. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa hasara. Naandika kwa sababu naona watu wa mji huu wamegawanyika: kuna wanaodhani chaza ni chakula cha hotelini tu, na kuna wanaonunua mfuko wowote wa nyama nyeupe iliyoloa maji, mradi aliyeuza kasema ni chaza. Wote wawili wanapoteza.

Tuanze na maji.

Chaza wa kwetu hakai kilindini. Ameganda kwenye mwamba au kwenye mizizi ya mikoko, mahali ambapo bahari humfunika na kumwacha kila siku. Kwa hiyo anavunwa kwa miguu, maji yakishatoka. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndiyo bamvua: hapa Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na mwamba ambao siku nyingine huuoni unabaki mkavu kama baraza ya nyumba. Mwezi saba na nane, na tena ishirini na mbili na ishirini na tatu, ni maji mafu. Bahari inasogea kidogo tu, na chaza wakubwa wa chini ya mwamba wanabaki majini.

Tena Mungu ametupangia vizuri. Bamvua la pwani hii linakupwa mchana, kati ya saa nne na saa sita. Kinamama wanaingia pwani jua likiwa limeshatoka, wanatoka adhuhuri, na chaza aliyekuwa mwambani saa tano anaweza kuwa jikoni kwako saa tisa alasiri. Hakuna chaza wa jokofu anayemfikia huyo.

Bei nayo inafuata maji. Siku za bamvua wavunaji ni wengi, kila mmoja anatoka na ndoo badala ya bakuli, na wote wanajua chaza hangoji kesho. Hapo unaongea bei. Bamvua la mwezi uliopita nililipa shilingi 20,000 kwa chaza mia wenye maganda yao, na 5,000 za kuwafikisha kwangu. Chaza mia wa mwamba wananipa karibu nusu kilo ya nyama, na nusu kilo hiyo kwenye nazi inatosha watu watano na wali wao. Siku za maji mafu utaambiwa bei mara mbili, na hata ukilipa, jiulize: huyu chaza ametoka wapi, na bahari haikutoka?

Swali hilo sikulijua mwaka wangu wa pili wa kazi. Nilikuwa na oda ya Jumapili, shughuli ya kumuaga binti wa jirani, na bibi harusi alitaka chaza wa nazi. Ilikuwa mwezi tisa. Kijana mmoja sokoni akaniletea kilo mbili za nyama ya chaza kwenye mfuko wa nailoni, tayari wamebanduliwa. Nikanusa, harufu haikuwa mbaya. Nikaosha kwa ndimu, nikapika. Usiku ule watu wanne wakashikwa na tumbo, mmoja wao mama mjamzito, akalazwa siku mbili. Alipona, na mtoto akazaliwa salama, lakini mimi nilikaa kwenye benchi la hospitali nikihesabu siku kwa vidole: mwezi tisa, bamvua limepita siku nne au tano nyuma. Nyama ile ilikuwa na umri wa siku hizo zote, na barafu ya kijana yule niliiona kwa macho yangu, ilikuwa kipande cha mkononi. Tangu siku hiyo sinunui chaza aliyebanduliwa na mtu nisiyemjua. Ganda ndilo linalokuonyesha kama mnyama yu hai, na likishatolewa umebaki na maneno ya muuzaji.

Sasa kuhusu mahali. Bibi yangu alikuwa na kauli moja juu ya chaza: hatembei, anakula kinachomjia. Samaki akiona maji machafu ataondoka. Chaza amenaswa pale pale, anavuta maji, anachuja chakula chake, anayatoa. Chaza mkubwa wa pwani ya mashariki ya Marekani, jamii waliyoichunguza sana, inakadiriwa anaweza kupitisha hadi lita 190 kwa siku. Wa kwetu ni mdogo kuliko yule, lakini kazi ni ile ile. Kilichomo majini, kiwe chakula, kinyesi au sumu ya kiwandani, kinapita mwilini mwake, na kingine kinabaki.

Kwa hiyo kuna maeneo ya mji huu ambayo hata nikipewa chaza bure sichukui. La kwanza ni lote linalopakana na mdomo wa Mto Msimbazi, pale Daraja la Salenda. Mto ule umepita Vingunguti kwenye viwanda na machinjio, ukapita Jangwani, ukakusanya kila kitu cha mji, kisha unamwaga hapo. La pili ni mkono wa bahari wa bandarini, kuanzia Kurasini kwenda Mtoni, ambako Mto Kizinga na Mto Mzinga vinaingia na meli zinatia nanga. Mikoko ya huko imebeba chaza wengi na wanono, na unono huo usikudanganye. Metali nzito haitoki kwa kupika, wala kwa ndimu, wala kwa kulala kwenye chumvi.

Na Oysterbay? Jina lenyewe maana yake ghuba ya chaza, na ukishuka Coco Beach maji yakiwa yametoka utawaona kwenye mwamba hadi leo. Mimi nawaangalia tu. Mifereji ya mji iko karibu mno.

Ninaowataka ni wa kusini ya Kigamboni: Gezaulole kwa mbali, lakini hasa Kimbiji na kuendelea Buyuni, ambako mwamba unatazama bahari kuu na hakuna mto wa mjini unaomwagia. Upande wa kaskazini, Mbweni na Ununio nanunua kwa kuchagua, nikimjua mvunaji na mvua ikiwa haijanyesha. Kunduchi nakwenda kwa samaki. Chaza wa mikoko ya Kunduchi nawachukua mara chache, na kila mara kwa kupika sana.

Kuna visiwa pia. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na kuokota chochote huko ni kosa. Ukisikia mtu anakusifia chaza wake kuwa ni wa Mbudya, mwache. Mwamba ule ndio unaozalisha mbegu zinazokuja kuganda kwingine.

Wengi mtaniuliza kwa nini sijaitaja Feri. Soko la Magogoni nalipenda, nimeamkia mnada pale mara zisizo na hesabu, na kwa samaki, pweza na kamba sijui pa kuwapeleka kwingine. Ila chaza mnadani ni nadra. Wanaokuja wanaletwa na wachuuzi wadogo, pembeni, mara nyingi wamekwishabanduliwa, na ukiuliza walikovunwa utajibiwa "Kigamboni" tu, jibu linaloanzia kwenye pantoni na kuishia Pemba Mnazi. Feri nenda kwa lengo jingine: kutafuta mtu. Kaa karibu na kinamama wanaouza pweza na kome. Nunua kitu, usiwe mtu wa maswali matupu. Kisha uliza kwa adabu: "Shikamoo mama. Samahani, hivi nani anakwenda pwani Kimbiji?" Mimi nilimpata wangu hivyo. Nilinunua pweza wawili kwa mama mmoja, akanitajia wifi yake.

Huyo wifi namwita Shangazi, na ndiye aliyenifanya niweze kuweka chaza kwenye orodha yangu ya chakula. Mara ya kwanza sikumpigia simu, nilimfuata. Nilivuka na pantoni asubuhi, nikapanda daladala ya Kimbiji, nikafika maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Nikamkuta amejifunga kanga kiunoni, viatu vya plastiki miguuni, ndoo, na kipande cha nondo kilichochongwa ncha.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa chaza?"

"Ndiye mimi. Nataka wenye maganda."

Akashangaa. "Wenye maganda? Watu wote wanataka nyama. Maganda mazito, mwanangu, utabeba mawe."

Nikamweleza nataka wafike hai. Akanyamaza kidogo, akaanza kunionyesha. Chaza anayetolewa mzima hapigwi katikati. Ile nondo inapelekwa chini, pale ganda linapoungana na mwamba, inapigwa mara moja kwa jiwe, kisha inakunjwa pembeni. Akitoka na ganda lililopasuka, Shangazi anambandua pale pale na kumtia kwenye kopo la nyumbani kwake. Wadogo, wasiozidi kidole gumba changu, anawaruka. Ni kazi ya polepole kuliko kubandua nyama, na ndiyo maana nakubali kumlipa zaidi ya wanavyolipa wengine. Ukitaka chaza hai kwa bei ya nyama ya mfukoni, mvunaji atakuletea waliovunjika nusu, na hutamlaumu.

Tulipatana mambo machache siku ile ambayo mpaka leo hayajabadilika, na nakushauri uyapatane na mtu wako mapema. Tunahesabu kwa idadi, wala hatutumii ndoo, maana ndoo inajaa hata kwa maganda matupu. Aliyefika amekufa simlipii, na yeye ananiamini nikimwambia wamekufa wangapi. Namtumia nusu ya pesa kwa simu jana yake, ili asiingie pwani kwa ahadi. Na mvua ikinyesha kubwa, hakuna oda, hakuna lawama.

Hilo la mvua nataka nikae nalo kidogo. Wazungu wana kanuni yao ya kale: chaza waliwe kwenye miezi yenye herufi R tu. Huko kwao ina maana, kwa sababu miezi isiyo nayo, kuanzia Mei hadi Agosti, ndiyo ya joto na ndiyo chaza wao wanapotoa mbegu. Nimeona watu hapa mjini wakiirudia kama vile imeandikwa kwa ajili yetu. Ukiifuata kwa majina yetu ya miezi utabaki na Januari, Februari na Aprili. Januari na Februari ni joto kali la kaskazi, na Aprili ni katikati ya masika! Kwetu mambo yamegeuka. Wakati wangu mzuri ni Juni hadi mwanzoni mwa Septemba: kipupwe, mvua imekata, maji yamepoa, kusi inavuma na bahari ya Kimbiji imechafuka kwa mawimbi lakini ni safi. Machi hadi Mei sinunui kabisa. Vyoo vya mji vinafurika, mitaro inamwaga baharini, na maji ya mvua yenyewe yanamdhoofisha chaza, maana yeye ni wa chumvi. Vuli nakwenda siku kwa siku. Mvua kubwa ikipiga nasubiri siku kumi, na ikiwa bamvua limepita, basi limepita.

Agosti 2015, kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, niliondoa chaza kwenye oda kwa miezi mingi, hata wa Kimbiji. Kuna wateja walionikasirikia. Bakteria wa kipindupindu ni wa jamii ya Vibrio, na ndugu zake wengine wa jamii hiyo wanaishi kwenye maji ya bahari yenye joto hata kusipokuwa na uchafu wowote, wakiingia ndani ya chaza na kuzaliana kwa kasi akikaa juani. Ndiyo sababu nahangaika sana na safari ya kutoka pwani hadi jikoni.

Safari yenyewe ni hivi. Chaza wanawekwa kwenye gunia la katani, wala si kiroba cha nailoni, maana ndani ya nailoni iliyofungwa wanakosa hewa na kufa. Gunia linaloweshwa maji ya bahari. Wanapangwa tumbo la ganda, ule upande uliobonyea kama kikombe, likiwa chini, ili maji yao ya ndani yasimwagike. Kijana wa bodaboda anayenibebea nimempa deli langu, sanduku la kuhifadhi baridi. Chini barafu, juu ya barafu gunia kavu lililokunjwa, juu yake chaza na gunia lao bichi, kifuniko hakibanwi sana. Barafu ikiyeyuka maji yasiwafikie, kwani chaza akilowekwa maji ya bomba yasiyo na chumvi hufa akiwa ameshiba maji hayo. Mara nyingi nimeona mtu anafika nyumbani, kwa nia njema kabisa, anawatumbukiza kwenye beseni la maji ya bomba ya DAWASA "wapumzike". Baadaye amebaki na beseni la mizoga.

Wakifika, usiwapokee kwa jumla. Mimi nakaa kibarazani na karai mbili, namshika mmoja mmoja.

Mchukue huyu, kwa mfano. Ganda la kijivu lenye zambarau pembeni, ukingo wake umekaa meno meno kama msumeno, na meno ya juu yanaingia sawasawa kwenye mapengo ya chini. Huyu ndiye chaza wa mwamba, wataalamu wanamwita Saccostrea cucullata. Mpime mkononi: anapaswa kuwa mzito kuliko unavyomdhania kwa macho, kwa sababu amebeba maji yake. Akiwa mwepesi, ameyamwaga, na hana siku. Mgonge na mwenzake. Mzima analia kama jiwe kwa jiwe, mlio mfupi uliojaa. Mfu analia kama kopo. Mtazame ukingo. Amefumba? Vizuri. Ameachama kidogo? Mguse kwa kidole au mgonge taratibu, umpe muda wa kuhesabu hadi kumi. Akijifunga, yu hai, alikuwa anapumua tu. Asipojifunga, karai la pili, la wa kutupwa. Mwisho mnuse kwenye maungio. Harufu iwe ya pwani asubuhi, chumvi na mwani. Ukisikia hata chembe ya harufu ya yai, usijadiliane na pua yako.

Katika mia ninazopokea, sita au saba wanaingia karai la pili. Siku wakifika ishirini nampigia Shangazi na tunaangalia kilichotokea: jua, au bodaboda alisimama kula njiani.

Wanaobaki wanakaa kwenye jokofu, sehemu ya chini, wamefunikwa kitambaa kibichi, bila kufungwa kwenye bakuli. Usiwagandishe wakiwa hai. Wanaweza kukaa zaidi, lakini kwa umeme wetu wa kukatika mimi nimejiwekea usiku mmoja tu.

Wa kupika sihangaiki kuwafungua kwa kisu. Nawasugua kwa brashi chini ya bomba, haraka haraka, natia sufuriani na maji kidogo, nafunika. Mvuke ukipanda wanaanza kufunguka wenyewe. Wakishafunguka sizimi jiko. Nawaacha dakika tano hadi tisa zaidi. Nikiwachemsha ndani ya maji mengi, dakika tatu hadi tano baada ya kufunguka zinatosha. Aliyegoma kufunguka anatupwa, hata akiwa mkubwa kuliko wote. Maji yaliyobaki chini ya sufuria nayachuja kwa kitambaa safi kutoa mchanga na kuyatia kwenye tui la kwanza; usiyamwage, utamu wote umo humo. Kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, bizari kidogo, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, tui, halafu chaza mwishoni kabisa, wapate moto tu, wasije wakawa mpira. Wengine wanapenda kuwapanga juu ya jiko la mkaa, kikombe chini, wakachemka ndani ya maji yao wenyewe kwenye ganda. Ni watamu sana hivyo, ila hakikisha wanachemka kweli na nyama imejikunja pembeni.

Kisu nakitumia nikitaka kuwakaanga. Kiwe kifupi, kinene, kisicho na makali. Kunja kitambaa kizito mkononi, mlaze chaza kikombe chini, tafuta bawaba nyuma, pale ganda lilipochongoka. Ingiza ncha, sukuma kidogo, kisha zungusha kisu kama ufunguo wa kitasa. Utasikia ganda linaachia. Pitisha kisu kwa ndani, juu, kata msuli ulioshika ganda la juu, liondoe. Nyama ya chaza mzuri imejaa ganda, rangi ya krimu yenye ukingo mweusi, imekaa ndani ya maji maangavu. Nyama iliyosinyaa kwenye maji mazito kama ya kuoshea mchele, mtupe, haidhuru uligonga ukasikia nini.

Kuhusu kuwala wabichi nitasema wazi, kwa kuwa najua wapo watakaosoma hadi hapa kwa ajili ya hilo tu. Mimi siwauzii wabichi mtu yeyote. Ndimu haiui wadudu wale. Pilipili haiui. Siki haiui. Vinabadilisha ladha na rangi ya nyama, basi. Mtu mzima mwenye afya anayekwenda kwa Shangazi mwenyewe mwezi wa Julai, akamla chaza aliyetoka mwambani dakika hiyo, ameamua mwenyewe. Lakini mjamzito, mtoto, mzee, mwenye ini bovu, mwenye kisukari, anayeishi na virusi vya UKIMWI, asijaribu hata mmoja. Kwa mwenye ini bovu hasa, baadhi ya hao ndugu wa kipindupindu huingia kwenye damu na kuua kwa siku chache. Na kuna jambo hata kupika hakulitatui: bahari ikibadilika rangi ikawa nyekundu au kahawia kwa mwani, ile sumu yake haifi kwa moto. Wavuvi wakikwambia bahari imebadilika, rudi nyumbani.

Wanaoniuliza lulu: hawa si wenye lulu. Chaza lulu ni jamii nyingine kabisa, na kwetu Fumba kuna kinamama wanaomfuga. Wa mwamba utafungua elfu moja upate kokoto.

Maganda usiyatupe barabarani, yanakata miguu ya watoto. Yaoshe, yaanike siku mbili tatu, mtafutie jirani mwenye kuku wa mayai. Yakitwangwa kuku wanayala na ganda la yai linakuwa gumu. Mimi hubadilishana na jirani yangu, ndoo ya maganda kwa trei nusu. Na gunia la Shangazi lifue kwa maji matupu bila sabuni, likaushe, mpe bodaboda alirudishe kabla ya mwezi kumi na tatu. Yeye ana magunia mawili tu, na kumi na nne anaingia pwani.